Mheshimiwa Spika, Naomba Mwongozo: Jinsi ya Kumfikisha Wakili wa Likombe Bungeni

Msomi, tuanze na habari itakayokuuma kidogo: Katiba ya Tanzania haikukuhitaji. Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Ukiacha masharti yanayowazuia watu kama waliotiwa hatiani kwa kukwepa kodi, hakuna kingine cha kukutisha. Digrii ya sheria haimo, joho halimo, na zile kola nyeupe za shingoni hazimo. Muuza pweza wa Feri aliyemaliza darasa la saba anasimama na wewe mstari mmoja, na kwa kuwa watu wanamfahamu kuliko wewe, atakushinda kabla hujamaliza kutamka "kwa mujibu wa".

Nitakutania humu ndani, maana wakili asiyetaniwa huvimba kichwa mpaka kofia zinamkataa. Lakini kila ushauri nitakaokupa nautaka ufuatwe, kwa sababu sisi wa Likombe, hapa Mtwara mjini, tuna shida na wewe. Huku kusini kila jambo lililotuumiza limepita kwenye karatasi. Korosho ina sheria yake, gesi ya Msimbati ina mkataba wake, bahari ya Ghuba ya Mnazi ina tangazo lake la Serikali, na kiwanja chako kina ramani ya mipango miji ambayo hujawahi kuiona. Watu wa kutuhutubia tunao tele. Tunayemkosa ni mtu wa kuisoma karatasi mpaka ukurasa wa mwisho, viambatisho vikiwemo, kisha akarudi kutueleza kwa lugha tunayoijua. Hiyo ndiyo kazi. Kama huna nia nayo, baki mahakamani, kesi za mirathi zipo za kukutosha.

Kwanza faulu, kisha rudi

Masomo ya sheria nchini yalianza kwa unyenyekevu. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wanafunzi 14 walianza kusoma chuo kikuu katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, na sheria ndiyo iliyokuwa fani pekee ya chuo kile kipya. Leo vyuo vya sheria ni vingi, na chujio limehamia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Oktoba 2022 matokeo yake yaliitikisa nchi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo 342, na walioondolewa kabisa 265. Waziri wa Katiba na Sheria, Dkt. Damas Ndumbaro, akaunda kamati ya kuchunguza na kumpa uenyekiti Dkt. Harrison Mwakyembe, mwalimu wa sheria aliyewahi kuwa mbunge na waziri. Huyo tutakutana naye tena mbele.

Kama uliwahi kurudia somo, liseme jukwaani bila haya. Nusu ya watu watakaokusikiliza wana mtihani fulani uliowaangusha, na watakuona mwenzao. Anayetuchosha ni yule anayetaja chuo chake kabla ya kutaja mtaa wake.

Ukishafaulu, rudi nyumbani, na urudi mapema. Wasomi wetu wengi huikumbuka njia ya Mtwara mwaka wa uchaguzi. Kijana alipotea Dar es Salaam miaka kumi na tano, sasa anaibuka na gari la vioo vyeusi, anauliza huu msiba wa nani, kisha analia kuliko wafiwa. Tunamjua kabla hajashuka. Zamani ungekuwa na kisingizio: masika ikianza, mto Rufiji ulikuwa unatukata na nchi yote. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Kisingizio hicho kimekufa.

Fungua ofisi hapahapa Likombe. Chumba kimoja chenye baraza kinatosha, na benchi lake nje. Usitangulize kiyoyozi. Baridi ya kiyoyozi inamwambia mkulima kwamba bili yake itakuwa kubwa, naye atapita kama hakukusudia kuja.

Atakuja mzee mmoja na bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Ndani kuna stakabadhi ya chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), imejazwa kwa kalamu ya bluu, na tarakimu ya kilo imepitiwa wino mara mbili hivi kwamba 8 inaweza kuwa 3. Kuna pia karatasi ya malipo ya benki. Atasema: "Mwanangu, nisomee. Mnadani tulikubali bei nyingine, na benki imeingia nyingine."

Hapa ndipo ubunge wako unapoanzia, na hakuna kamera. Usikae nyuma ya meza, kaa naye kwenye benchi. Soma kwa sauti: kilo kadhaa, daraja la kwanza, bei ya mnada. Kisha shuka kwenye makato, moja baada ya jingine: ushuru wa halmashauri, fedha ya AMCOS, fedha ya chama kikuu, usafiri, ghala, magunia. Kila kato liulize maswali mawili. Ni sheria gani inayoliruhusu? Kama si sheria, ni mkutano mkuu upi wa wanachama uliolipitisha, na muhtasari wake uko wapi? Mzee hakuja kudai kesi. Alikuja kujua hela yake imepita milango mingapi. Ukimwambia "tutafungua shauri" kabla hujamaliza kusoma, umemfanyia alichofanyiwa na wote waliomtangulia: umemtisha kwa maneno ili anyamaze.

Ili uweze kazi hiyo, ujue mfumo wenyewe. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005, na msimu wa 2007/2008 korosho ya Mtwara ikaanza kuuzwa chini yake. Mkulima anapeleka kwenye AMCOS, AMCOS inapeleka ghalani, chama kikuu kama MAMCU au TANECU kinaitisha mnada. Kwa miaka mingi wanunuzi walitumbukiza zabuni kwenye sanduku, sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima, bei zikasomwa kwa sauti, na wakulima wenyewe wakasema tunauza au hatuuzi. Ule ulikuwa ubunge halisi, nao ulifanyika juani. Mfumo huo ulikusudiwa kumshinda kangomba, yule mnunuzi anayepita mlango wa nyuma wakati wa njaa na kupima korosho kwa bakuli. Kangomba anashinda kila mahali ambapo malipo ya halali yamechelewa. Andika jambo hilo ukutani mwako, utalihitaji bungeni Dodoma.

Mdomo wako

Wewe ni mgonjwa wa Kiingereza cha mahakamani, na ugonjwa huo unatibika. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama zetu, hivyo hata hakimu hatakutetea tena. Zoezi la tiba ni hili: nenda sokoni, simama kwa mama anayeuza ming'oko, umweleze tofauti ya leseni ya makazi na hatimiliki kabla hajakufungia cha kwako. Akikuuliza swali la pili, umefaulu. Akikuitikia "haya, mheshimiwa" na kukurudishia chenji, umefeli, rudi kesho.

Jambo la pili ni fidia. Huku Mtwara, tangu gesi ianze kuvuta watu na viwanja, hakuna neno linalouma zaidi. Sheria mbili za ardhi za mwaka 1999 zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Ukiweza kumfafanulia mwenye mikorosho arobaini kila neno katika hayo, kwa kutumia miti yake mwenyewe, umri wa miti hiyo na siku alizosubiri, basi umemaliza kampeni katika kaya ile. Wapo wanaomaliza miaka mitano wakisema "suala la fidia linashughulikiwa". Tunawaomba waende wakashughulikiwe na wao.

Khanga, chumvi na hukumu ya 2006

Maadili ya uwakili yanakubana usijitangaze ovyo. Huruhusiwi kuchuuza huduma, huruhusiwi kujisifu kwamba wewe ndiye bora mjini. Kisha unaingia kwenye siasa na ghafla uso wako unatakiwa uwe kwenye kila nguzo ya umeme kuanzia Shangani hadi Mikindani. Utaona aibu. Aibu hiyo itunze, ni mali.

Watakuja wapambe kukwambia kwamba bila khanga, chumvi na pilau hupiti. Wewe una dawa yao, na iko kwenye taarifa za kesi. Mwaka 2000 Bunge liliingiza kwenye sheria ya uchaguzi vifungu vilivyoruhusu "takrima", yaani ukarimu wa jadi wa mgombea kwa wapiga kura wake. Mashirika matatu ya wanasheria, LHRC, LEAT na NOLA, yakaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikavitangaza vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha Katiba: vinambagua mgombea asiye na kitu, na vinafungua njia ya rushwa. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Kwa hiyo mpambe akikwambia "mzee, watu wanataka kitu kidogo", mwombe akae, umsomee hukumu yote. Atakayebaki mpaka mwisho mfanye meneja wako wa kampeni.

Wajumbe, wale wanaopiga kura za maoni ndani ya chama, ni somo peke yake. Mwaka 2020, baada ya kura za maoni, nchi nzima ilicheka na ule msemo kwamba wajumbe si watu: wanakula kwako, wanakuapia, kura wanampa jirani. Mimi nawatetea. Mjumbe wa shina la Likombe ni mtu, tena mtu mwenye kumbukumbu. Anakumbuka nani alimsomea barua ya mkopo ya binti yake na nani alimkumbuka siku ya mchujo. Ukimfanya bidhaa, atajiuza kwa anayefika bei, na hutakuwa na haki ya kulalamika.

Usije pia na wazo la kugombea bila chama ukidhani utatumia ujanja wa kisheria. Mchungaji Christopher Mtikila alitumia zaidi ya miaka ishirini juu ya jambo hilo. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 1994, Bunge likabadili Katiba ili kumfungia mlango. Mahakama Kuu ikakubaliana naye tena mwaka 2006, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema jambo hilo ni la Bunge kuamua. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikampa ushindi. Akafariki mwaka 2015, na Ibara ya 67 bado inadai chama. Ukifika bungeni, hapo una kazi moja iliyokwisha kuandaliwa.

Dodoma, mahali pa kusoma

Sasa umeshinda. Umesafiri karibu kilomita 1,000 kutoka bahari ya Hindi hadi nchi isiyo na samaki mbichi, umekula kiapo, kiti kinazunguka. Hapa ndipo mawakili wengi wanapoharibika, kwa kuwa ukumbi umejaa vitu wanavyovipenda: kanuni, taratibu, na kipaza sauti. Wiki ya kwanza wakili mpya anasimama kila baada ya dakika ishirini, "mwongozo wa Spika", "taarifa", "kuhusu utaratibu", mpaka wenzake wanashika vichwa. Anajua kanuni kwa namba. Hajui bei ya salfa ya mikorosho.

Msomi, kaa chini usome miswada. Muswada wa Sheria ya Fedha wa kila Juni usomwe wote, kwa sababu ndani yake sheria nyingine nyingi hubadilishwa kimyakimya. Wabunge wengi huusoma kama mgeni anavyokula bibo: ananyonya tunda linalong'aa na kuitupa korosho yenyewe. Mwaka 2018 tuliliona kwa macho yetu. Kabla ya hapo, ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ulikuwa asilimia 15 ya thamani ya mzigo, au dola 160 kwa tani, kipi kikubwa. Asilimia 65 ya fedha hiyo ilirudi kuendeleza zao: pembejeo, miche, utafiti wa pale Naliendele. Muswada wa mwaka ule ukaja na badiliko la kupeleka zote Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walisimama wakapiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Muswada ukapita. Msimu uliofuata wakulima walizikataa bei za wanunuzi, na Novemba 2018 Serikali ikaamua kuzinunua korosho zote yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likizisomba kwa malori.

Nawaheshimu wote waliosimama siku ile. Lakini mabadiliko ya namna hiyo hupingwa kwenye kamati, wiki kadhaa kabla, na mtu mwenye maandishi mkononi: fedha hii ilikusanywa kwa lengo gani, nani alipandisha ushuru huu na kwa ahadi ipi kwa mkulima, msimu ujao salfa italipwa na fungu gani. Ukumbini unapewa dakika kumi, mara nyingine tano. Kwenye kamati una siku nzima, na hakuna wa kukupigia makofi, ndiyo maana viti vya kule hubaki wazi.

Silaha yako nyingine ni shilingi moja. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kupitisha bajeti ya wizara, mbunge asiyeridhika anaweza kutangaza kwamba anashika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo ya kutosha. Ni shilingi ambayo huwezi kununulia hata kiberiti, na mawaziri wazima hutoka jasho kwa ajili yake. Itumie kwa jambo moja la Mtwara kila mwaka, ukiwa na takwimu zako, na usiiachie kwa sababu waziri amekuita "ndugu yangu".

Juu ya gesi sitaki mzaha mwingi. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982. Tarehe 22 Mei 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa Dodoma na watu wetu wakasikia kwamba bomba la Dar es Salaam linaendelea, mji huu uliwaka, na watu walikufa. Kaulimbiu ilikuwa "gesi haitoki". Gesi ilitoka. Julai 2015 sheria tatu kubwa za mafuta, gesi, mapato yake na uwazi katika uziduaji zilipitishwa kwa hati ya dharura katika mkutano mmoja wa Bunge, huku wabunge wengi wa upinzani wakiwa nje ya ukumbi. Miaka miwili tulikuwa tunauliza maswali, na majibu yakaja kwa haraka ambayo hata mbunge wetu hakupata usiku wa kuyasoma vizuri. Visima viko Msimbati, jimbo la jirani, lakini wenye machungu wanakaa Likombe, wanauza Likombe, wanashitaki kwenye Mahakama Kuu iliyopo hapa mjini. Kwa hiyo ukiwa mbunge wetu, utaulizwa: ule ushuru wa huduma unaotozwa juu ya mauzo ya kampuni, unaotajwa kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, unalipwa halmashauri ipi, umehesabiwa juu ya mauzo yapi, na nani aliyakagua? Jibu swali hilo kwa tarakimu, na tutakusamehe hata kama hujui kucheza sindimba.

Kwamba wakili anaweza kulitikisa Bunge kwa kusoma tu, ushahidi tunao. Mwishoni mwa 2007 Spika Samuel Sitta, naye mwanasheria, aliunda kamati teule ya watu watano kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond. Mwenyekiti alikuwa Mwakyembe yuleyule. Waliusoma mkataba, wakaisaka kampuni kwenye usajili wake, wakahoji mashahidi. Ripoti ilisomwa bungeni tarehe 6 Februari 2008, na kesho yake Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu. Uichukue ripoti ile yote, pamoja na kasoro iliyolalamikiwa: Lowassa mwenyewe alisema hakuitwa kuhojiwa. Haki ya kusikilizwa ni somo la mwaka wa kwanza wa sheria, na mwanasheria anapokaa kwenye kiti cha uchunguzi ndiye wa kwanza kuidai kwa niaba ya anayemtuhumu.

Na usidhani ni lazima uangushe mtu. Barack Obama, kabla dunia haijamjua, alikuwa mwalimu wa sheria ya katiba Chicago na seneta katika bunge la jimbo la Illinois kuanzia 1997. Mwaka 2003 alisimamia sheria ya kuwataka polisi warekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji. Polisi na waendesha mashitaka hawakuitaka mwanzoni. Akakaa nao, kikao baada ya kikao, mpaka Seneti ikaipitisha bila kura ya kuipinga. Huo ni utumishi wa wakili: kifungu kimoja kilichochongwa vizuri, na mtu asiye na jina mahali fulani haponzwi na ungamo la kulazimishwa.

Ugonjwa wa uheshimiwa

Utapewa jina jipya, "Mheshimiwa", na utaanza kugeuka kila unapolisikia, hata likimwita mwingine. Dalili ya kwanza ni mizani ya fedha kuharibika. Andrew Chenge alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1993 hadi 2005, kisha mbunge na waziri. Mwaka 2008 ziliposikika habari za akaunti yenye zaidi ya dola milioni moja huko Jersey, aliziita "vijisenti". Hakufikishwa mahakamani kwa fedha hizo, ila aliacha uwaziri, na neno lile likamganda kuliko cheo chochote alichowahi kushika. Wewe ambaye maisha yako yote ni maneno, chunga neno moja.

Dawa ya ugonjwa huu ni kikao kisichopendwa: baraza la madiwani. Mbunge ni mjumbe wa halmashauri ya eneo lake, na pale ndipo zinapotungwa sheria ndogo zinazomgusa mama lishe, bodaboda na muuza mkaa kila siku ya Mungu. Sheria kubwa ya Dodoma inaweza kuchukua mwaka kufika Likombe. Sheria ndogo ya faini inafika Jumatatu asubuhi na mgambo wawili. Nenda ukaketi. Uliza kama imetangazwa kwenye Gazeti la Serikali, uliza kama faini yake haizidi ile inayoruhusiwa na sheria mama. Bungeni nako kuna Kamati ya Sheria Ndogo. Omba kupangwa huko wakati wenzako wanagombea kamati zenye safari. Wavuvi wa maingilio ya mto Ruvuma, ambako hifadhi ya bahari ilitangazwa mwaka 2000 chini ya sheria ya 1994, wanaishi ndani ya kanuni zilizoandikwa na watu wasiowahi kutupa nyavu. Kanuni hizo zinasomeka, zinahojiwa, na zinarekebishwa. Zinasubiri mtu mwenye subira.

Siku ya kutolewa

Kazi hii inaumiza, na nisingekuwa muungwana nisipokwambia. Tundu Lissu alitoka kwenye uwakili wa LEAT, akawa mbunge wa Singida Mashariki mwaka 2010, akachaguliwa rais wa Chama cha Mawakili Machi 2017, na tarehe 7 Septemba mwaka huohuo akapigwa risasi nyingi nyumbani kwake Dodoma baada ya kutoka bungeni. Alikuwa bado kwenye matibabu Ubelgiji Juni 2019, Spika Job Ndugai alipotangaza kiti chake kuwa wazi kwa utoro na kwa kutowasilisha tamko la mali. Aprili 2025 akashitakiwa kwa uhaini, na baadaye akaamua kujitetea mwenyewe mahakamani. Hata asiyekubaliana naye kwenye siasa asome mpangilio huo taratibu. Kinga ya Ibara ya 100 inalinda maneno yako ndani ya ukumbi. Nje ya ukumbi unabaki raia kama sisi, na ndiyo sababu ya kutetea kinga ya raia wote ungali na nafasi.

Wengine njia yao ni laini zaidi. Dkt. Tulia Ackson alitoka kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa Naibu Mwanasheria Mkuu, akateuliwa mbunge na kuchaguliwa Naibu Spika mwaka 2015, akashinda Mbeya Mjini mwaka 2020, Uspika Februari 2022, na Oktoba 2023 urais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Njia hiyo ipo, ila hupangi wewe.

Utakachopanga wewe ni tarehe 31 Desemba. Siku hiyo ina karatasi mbili: tamko lako la mali kwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na leseni yako ya uwakili inayokwisha muda kila mwaka. Zote mbili zishughulikie mapema, hata mwaka ambao umekuwa waziri na husimamii kesi. Miaka mitano ikiisha na kura zikawa chache, utakuwa na leseni, utakuwa na chumba chenye baraza, na benchi lilelile. Usikae nyumbani mwezi mzima ukipokea pole. Fungua Jumatatu, msimu wa korosho utakuwa umeanza, na kuna watu wenye stakabadhi ambazo mbunge mpya hajajifunza kuzisoma. Wasomee, kisha umwite na yeye, umwoneshe.